Nyundo ya kunakshi ngozi: uchukue ya uzito gani?

Nyundo yangu ya kwanza ya nakshi ilikuwa ya gramu 340. Niliipenda kwa wepesi wake; nikajiambia mkono hautachoka. Kazi ya kwanza nzito niliyoipa ikawa mkanda wa kiunoni wenye nakshi ya msuko wa mkeka, muhuri mmoja (kijiti cha chuma chenye mchoro nchani, unachokigonga kwa nyundo) unaorudiwa mara mamia kutoka ncha hadi ncha. Kabla sijafika nusu, kiwiko kilikuwa kinawaka moto. Nyundo nyepesi ilinilazimisha kuinua mkono juu na kupiga kwa nguvu, na kwa kuwa pigo moja halikutosha, nikawa narudia. Pigo la pili halitui palepale. Muhuri husogea unywele mmoja tu, na alama inakuwa na kingo mbili, kama picha iliyotikisika.

Nikakasirika, nikaruka hadi gramu 900. Mkanda uliofuata ulitoka vizuri. Kisha nikaanza pochi yenye nakshi ya ua, ya ngozi ya milimita 1.5, nikashika muhuri wa kulaza ngozi kando ya mkato wa kisu, nikagonga kama nilivyozoea. Ukingo wa muhuri ukaikata ngozi hadi upande wa pili. Ua zima likaharibika kwa pigo moja.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, nitakwambia uanze na gramu 450 hivi, yaani wakia 16, ikiwa unanakshi ngozi ya milimita 2 hadi 4 kwa mihuri ya kawaida. (Angalia usichanganye: wakia ya nyundo ni uzito, lakini wauzaji wa ngozi wakisema wakia wanamaanisha unene, na wakia moja kwao ni karibu milimita 0.4. Ngozi ya wakia 8 ni ya milimita 3.2.) Mihuri midogo ya vitone ya kujazia usuli wa ua, au kazi yote ya pochi nyembamba, gramu 250 hadi 350 zinatosha. Mihuri mipana ya msuko inataka gramu 600 na kuendelea. Vitoboleo, patasi za matundu ya kushonea, na ile mihuri mikubwa ya picha nzima, hapo ndipo gramu 900 hadi kilo 1.4 zinapopata heshima yake.

Hizo ni namba za kuanzia tu. Mwamuzi ni kipande cha ngozi chakavu. Chukua muhuri unaoutumia kuliko yote, uusimamishe wima, shika nyundo karibu na kichwa, siyo mwisho wa mpini, kisha uiangushe kutoka urefu wa vidole vinne. Iangushe, usiipige. Uzito wenyewe ndio ufanye kazi, mkono uelekeze tu. Rudia mara kumi kwa mstari. Kama alama ni za kina kimoja na umepata kina unachotaka kwa pigo moja, hiyo ndiyo nyundo yako. Kama umejikuta unaongeza nguvu, ni nyepesi. Kama unaizuia isishuke yote, ni nzito, na kuzuia kunachosha kifundo cha mkono kuliko kupiga.

Lakini usikimbilie kununua nyingine kabla hujakagua maji na meza. Mimi nililaumu nyundo kwa miezi, kumbe nilikuwa nanakshi juu ya meza ya mbao iliyokuwa ikidunda kila nikigonga. Nguvu yote ilikuwa ikimezwa na mbao. Nilipoweka bamba zito la marumaru, juu ya mguu wa meza na siyo katikati, nyundo ileile ikawa kama imeongezewa uzito. Maji nayo: ngozi ya nakshi ni ile iliyotengenezwa kwa magome, na lazima ilowe kwanza, kisha iachwe mpaka rangi yake ya awali ikaribie kurudi huku ukiigusisha shavuni bado unasikia ubaridi. Ikiwa kavu, hata kilo moja haitaacha alama ya maana. Ikiwa chapachapa, alama inazama halafu inafumuka, mistari inapoteza makali.

Umbo nalo lina neno. Nyundo ya kichwa cha duara, iliyokaa kama mchi mfupi, ni bora kuliko ile ya umbo la T, kwa sababu haijalishi mpini umegeuka vipi mkononi. Uso unaogonga ni uleule. Tafuta ambayo kichwa kimechongoka kidogo kuelekea upande mmoja, ili ukiinamisha mkono uso wake ukutane sawa na kichwa cha muhuri. Kichwa kiwe cha nailoni au cha ngozi mbichi, yaani iliyokaushwa bila kutiwa magome, iliyokunjwa tabaka kwa tabaka. Nailoni inadumu, ngozi mbichi inadunda kidogo na haina kelele nyingi. Nyundo ya chuma ya misumari iache palepale ilipo: itaponda vichwa vya mihuri mpaka vichanue kama uyoga.

Nyundo mbili zile sikuzitupa. Ya gramu 340 naitumia kwa vitone, na ya 900 haigusi nakshi kabisa. Ni ya kutoboa tu, na wakati huo ngozi naihamishia juu ya ubao laini, maana kitoboleo kikivuka ngozi na kugota kwenye marumaru, utakaa jioni nzima ukikinoa upya.