Njia ya Kuwa Muuguzi Mwenye Leseni Ukiwa Nairobi

Wengi wanaotaka kusomea uuguzi jijini Nairobi huanza kwa kuulizia karo, ilhali swali la kwanza ni iwapo chuo kimeidhinishwa na Baraza la Uuguzi la Kenya. Baraza hilo ndilo linalotahini, kusajili na kutoa leseni chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na aliyesomea mahali lisipopatambua hafiki kwenye mtihani wake, hata akiwa hodari kiasi gani. Katikati ya jiji zipo kozi za miezi michache za kuwaandaa wasaidizi wa wagonjwa. Kazi hiyo ni ya heshima na ina soko, lakini haimfanyi mtu kuwa muuguzi, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo anastahili kuelezwa hivyo mapema.

Ngazi ni tatu. Cheti, kinachokaribiana zaidi na kile Wamarekani wanachokiita LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, huhitaji wastani wa C- katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari. Stashahada huhitaji C, pamoja na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Shahada huhitaji C+. Chuo cha Mafunzo ya Tiba, yaani KMTC, kilianza mwaka 1927, na kampasi yake ya Nairobi iko jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Ukishapokewa, hakikisha chuo kimepeleka jina lako kwa Baraza na kwamba umepewa nambari ya mwanafunzi, kwa kuwa bila nambari hiyo hutakubaliwa kufanya mtihani wa leseni. Nunua pia saa yenye mshale wa sekunde. Wodini utahesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili vilivyowekwa kwenye kifundo cha mkono, kisha, bila kuondoa vidole wala kumwambia mgonjwa, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadilisha namna anavyopumua. Kila kazi unayoimudu huandikwa katika daftari la mazoezi na kutiwa saini na msimamizi siku hiyo hiyo. Kuzitafuta saini mwishoni mwa muhula, wakati msimamizi amekwisha kuhamishiwa wodi nyingine, ni taabu tupu.

Ukifaulu mtihani wa Baraza, utasajiliwa, kisha utaomba leseni ya kufanya kazi, ambayo huhuishwa kila muda wake unapokwisha, na uhuishaji huo hudai uthibitisho kwamba umeendelea kujifunza.

Anayewaza kwenda Marekani ajue kwamba leseni ya Kenya haitumiki huko moja kwa moja. Kila jimbo hutoa yake, na kwa LPN, ambaye Texas na California humwita LVN, mtihani ni NCLEX-PN. Wakaguzi wa huko hulinganisha hati moja na nyingine, hivyo jina lililo kwenye kitambulisho, cheti cha KCSE na hati za chuo liwe lile lile, herufi kwa herufi, na kosa lolote lisahihishwe ungali mwanafunzi.