Kurekebisha programu ya mazoezi ili imfae mzee au mtu mwenye ulemavu

Programu nyingi za mazoezi za kwenye simu na saa zimetengenezwa zikimlenga kijana mwenye macho makali na mikono inayobembea anapotembea. Mzee akiifungua anakutana na lengo la hatua 10,000, jioni anaambiwa hakulifikia, na baada ya siku chache anaachana nayo. Mengi ya hayo yanarekebishika. Kaeni pamoja, simu ikiwa mkononi mwake, wewe umwelekeze tu.

Anzeni na lengo. Hatua 10,000 hazikutokana na vipimo vya madaktari. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Public Health ulionyesha kuwa kwa waliofikisha miaka 60, hatari ya kifo huacha kupungua sana wakishafika hatua 6,000 hadi 8,000 kwa siku. Hata hizo si za kuanzia. Acha programu ihesabu wiki nzima bila lengo, chukua wastani, ongeza hatua 500. Wiki mbili zikipita bila maumivu mapya, ongeza tena.

Kabla ya kuamini hesabu, ipime. Atembee kama kawaida yake, na fimbo au kitembezi chake, nawe uhesabu hatua 100 kwa mdomo, kisha ulinganishe na hesabu ya programu. Saa ya mkononi hukosea hapa mara nyingi, kwa sababu mkono ulioshika kitembezi haubembei, hivyo saa hudhani mtu ametulia. Mwendo wa polepole au wa kuburuta miguu nao hupotea. Ihamishie saa kwenye kifundo cha mguu, au weka simu kwenye mfuko unaobana nyongani. Dera halina mfuko, na simu iliyo kwenye mkoba unaoning'inia haitoi hesabu ya kuaminika; kipochi cha kufunga kiunoni kinafaa zaidi. Hesabu ikiendelea kupungukiwa na zaidi ya hatua 20 kati ya 100, achaneni na hatua, tumieni dakika.

Kwa dakika, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya misuli angalau siku 2, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya mizani (ya kuuweka mwili sawa usianguke) na nguvu angalau siku 3. Programu isiyo na mazoezi ya mizani haimtoshi mzee, hata ikiwa na video nzuri kiasi gani.

Anayetumia kiti cha magurudumu asihesabiwe hatua kabisa. Kwa mwenye Apple Watch, fungua programu ya Health kwenye iPhone, gusa picha ya wasifu, ingia Health Details, kisha jibu ndiyo kwenye Wheelchair. Saa itaanza kuhesabu misukumo ya magurudumu na itaacha kumwambia asimame. Ongezeni misukumo taratibu sana: bega likiumia, mtu huyu amepoteza mwendo wake wote.

Mapigo ya moyo yanahitaji uangalifu zaidi. Programu nyingi huondoa umri kutoka 220 na kukadiria kiwango cha juu cha mapigo kutokana na hapo. Anayemeza dawa za moyo au presha kama atenolol, bisoprolol au propranolol mapigo yake huzuiwa na dawa, kwa hiyo saa itamhimiza aongeze kasi wakati amekwisha choka. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu naye mapigo yake huenda yasipande. Zima tahadhari hizo za kasi na tumia kipimo cha sauti: aweze kuzungumza, asiweze kuimba.

Sasa skrini. Kuza maandishi hadi mwisho, kisha uone kama kitufe cha kuendelea bado kinaonekana. Mara nyingi husukumwa nje ya skrini. Kwa asiyeona, washa kisomaji cha skrini, yaani TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, fumba macho wewe mwenyewe, ujaribu kuanza zoezi, kulisimamisha na kulimaliza. Ukisikia "kitufe" bila jina, waliotengeneza hawakukipa maelezo. Kitufe cha kusimamisha kikiwa hivyo, msilipie programu hiyo. Kwa kiziwi, filimbi ya kubadilisha zoezi lazima iwe na mtetemo, na video ziwe na maandishi. Kwa mwenye mikono inayotetemeka, ongeza muda wa kugusa na kushikilia katika mipangilio ya ufikivu (Accessibility).

Kwa mazoezi ya kiti, tumieni kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye kimo cha karibu sentimeta 43, kikiegemezwa ukutani. Cha plastiki huteleza kwenye vigae. Mikono ikikunjwa kifuani, hesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, au mwanamume wa umri huo chini ya 12, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka: mazoezi ya miguu na mizani yatangulie, na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aambiwe.

Kasoro mlizozikuta waandikieni watengenezaji, mkitaja aina ya simu, toleo la programu, ukurasa na kitufe chenyewe. Lalamiko la "haifai kwa wazee" haliwaonyeshi cha kurekebisha. "Kitufe cha kusimamisha hakina jina kwenye TalkBack" linawaonyesha.