Jinsi ya kufuatilia makato ya kadi usiyoyatambua kutoka kwa muuza vifaa vya maabara

Kabla ya kupiga simu benki, soma mstari mzima wa muamala kwenye taarifa ya akaunti: tarehe, kiasi, sarafu, jina la muuzaji na namba ya kumbukumbu. Piga picha. Angalia pia kama muamala umekamilika au bado unasubiri. Ukiwa unasubiri, fedha zimezuiliwa tu, na muuzaji asipozichukua zinarudi zenyewe.

Jina ndilo linalowachanganya wengi. Kampuni hizi zimenunuana na kuungana, kwa hiyo jina lililo kwenye kopo la kemikali si lazima liwe lile lililo kwenye taarifa yako. Sigma-Aldrich ilinunuliwa na Merck ya Ujerumani mwaka 2015, na huko Marekani biashara hiyo inaitwa MilliporeSigma. Fisher Scientific nayo iliungana na Thermo Electron mwaka 2006. Tafuta jina lililo kwenye taarifa yako pamoja na kampuni mama yake.

Kisha uliza watu. Kadi ya zahanati au ya shule hupita mikononi mwa mhasibu, mtaalamu wa maabara na mwalimu wa kemia. Ya nyumbani huenda mwanao aliyeko chuo aliitumia kuagiza vifaa vya utafiti. Usiulize makato ya wiki hii tu. Wauzaji wengi hukata fedha mzigo unapotoka ghalani, si siku ya kuagiza. Glavu na pipeti zikitoka leo, na kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha kutunzwa kwenye baridi kikatoka wiki tatu baadaye, utaona makato mawili na hakuna hata moja linalolingana na ankara. Ongeza usafirishaji wa kemikali hatarishi, ada ya benki na kiwango cha kubadilishia dola. Kwa hiyo jumlisha makato yote ya muuzaji huyo ndipo ulinganishe na ankara.

Kama hakuna anayejua, waandikie idara ya hesabu ya muuzaji kupitia tovuti yao rasmi. Anwani iandike mwenyewe. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwa meseji. Wape tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi, basi. Namba kamili, tarakimu tatu za nyuma na namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu haziombwi na mtu mwenye nia njema.

Lakini kama una hakika kadi ni yako peke yako na hujaagiza kitu, usisubiri majibu yao. Funga kadi saa hiyo hiyo kwenye programu ya benki au kwa namba iliyo nyuma ya kadi, hata kama kilichokatwa ni dola moja. Wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kukomba kilichobaki.

Sasa nenda tawini ujaze fomu ya kupinga muamala. Andika kwa ufupi:

“Napinga muamala wa dola 214.60 uliofanyika tarehe 3 Machi kwa kadi inayoishia 4471. Sikuufanya wala sikumruhusu mtu kuufanya. Naomba uchunguzi na kurejeshewa fedha.”

Sababu iwe ya kweli. “Sikuufanya”, “nimekatwa mara mbili” na “mzigo haujafika” ni madai matatu tofauti, na kila moja lina vielelezo vyake. Ukidai wizi kumbe aliyeagiza ni mwenzako wa ofisini, muuzaji ataleta hati ya kupokelea mzigo na dai litaanguka.

Kwa Visa na Mastercard, muda wa kupinga mara nyingi ni siku 120, ila benki yako inaweza kudai uwahi zaidi. Peleka fomu wiki hiyo hiyo, na usiondoke dirishani bila nakala yenye mhuri na namba ya lalamiko.

Jibu la benki lisipokuridhisha, omba ulipate kwa maandishi. Kwa walioko Tanzania, hatua inayofuata ni Benki Kuu, inayopokea malalamiko ya wateja wa mabenki. Ambatanisha jibu hilo, nakala ya fomu na ile picha ya muamala.