Somo: Kuziba nafasi za pevingi kwa mchanga

Mchanga ulio kati ya bloku na bloku ndio unaozifanya zishikane: gurudumu likikanyaga moja, jirani zake zinasaidia kubeba. Usipokuwepo, kila bloku inajitegemea, na masika yakipita utazikuta zinacheza.

Somo hili ni la bloku za zege (kabro, kwa walio Kenya) za unene wa mm 60, zilizolazwa juu ya mchanga, zikiwa na nafasi za mm 2 hadi 5.

Mchanga gani

Chukua wa mto, uliooshwa, ambao ukiusugua vidoleni unakwaruza. Uchekeche kwa wavu wa mbu wa dirishani. Uliopita ndio wako. Wa ufukweni uache, maana chumvi yake hupanda juu na kutia bloku weupe usiopendeza. Vumbi la kokoto lina unga mwingi, linashika maji, na mvua ikipiga linageuka tope.

Kwa bloku za sm 20 kwa 10 na nafasi za mm 3, mita moja ya mraba hula lita 2.6 hivi. Ua wa mita 6 kwa 5 utakula lita 78, karibu madebe manne ya lita 20. Andaa matano, kwa sababu kurudia ni lazima.

Ukavu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mchanga wenye unyevu hunasa mdomoni mwa nafasi: juu unaona pamejaa, chini ni pango. Ufumbate, kisha fungua kiganja. Ukibaki na umbo la ngumi, urudishe juani. Ukichuruzika wote vidoleni, anza kazi. Uanike juu ya turubai, unene usizidi sm 3, na uugeuze kwa reki mara kwa mara. Jioni ufunike, la sivyo umande wa usiku utakurudisha ulipoanzia.

Bloku zenyewe nazo ziwe kavu. Kama zimelowa, subiri.

Kazi yenyewe

1. Kagua kingo za zege pande zote. Pasipo na kingo, mtetemo wa mashine utasukuma bloku nje na nafasi zitapanuka.
2. Fagia, kisha pitisha mashine ya kushindilia ya sahani kabla ya kumwaga mchanga. Funga mpira chini ya sahani ili isimege pembe za bloku. Zilizopasuka zibadilishe sasa hivi. Baadaye kuzing'oa ni shughuli.
3. Mwaga mafungu madogo na uyafagie kwa mshazari. Tumia fagio lenye nywele fupi ngumu. Fagio la chelewa ni zuri kwa uwanja, lakini hapa ncha zake huingia kwenye nafasi na kuchokoa mchanga ulioutia.
4. Ondoa mafungu yaliyobaki juu, shindilia kwa urefu, kisha kwa upana. Mchanga utashuka.
5. Jaza na ushindilie tena, mpaka usishuke. Kwa kawaida ni mara mbili au tatu. Uishie mm 3 chini ya uso wa bloku. Jaribu kwa sikrepa nyembamba: ikizama zaidi ya mm 6 kwa kusukumwa kidogo, bado.
6. Mvua za mwanzo zikishapita, kagua na uongeze.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, fundi wangu anataka kuchanganya saruji kidogo na mchanga. Nimruhusu?*

Hapana, mkuu. Pevingi za namna hii zinatakiwa zicheze kidogo sana bila kuvunjika. Saruji inazigandisha, kisha inapasuka vipande vipande, na maji hupenya kwenye nyufa na kukaa chini. Vumbi lake likilowa juu ya bloku, doa halitoki kwa maji na sabuni.

*Sisimizi wanatoa mchanga, kila asubuhi kuna vichuguu. Nifanyeje?*

Hapo mchanga ni mwororo mno au haukushindiliwa. Dawa inawaondoa kwa muda tu. Chokoa sehemu hiyo, jaza mchanga mkwaruzo mkavu, gongagonga kwa nyundo ya mpira, rudia.

*Shikamooni. Nilioshea ua kwa mashine ya presha, nafasi zikabaki tupu. Nianze upya?*

Marahaba. Huhitaji kung'oa kitu. Acha pakauke kabisa, fagia uchafu, kisha anzia hatua ya 3. Siku nyingine shika bomba kwa mlalo, mbali kidogo, na usifuate mstari wa nafasi.

*Nimejaza mara tatu na sehemu moja bado inazama. Kwa nini?*

Kama bloku zenyewe zimeshuka, tatizo liko chini: mchanga wa kulalia unatoroka, mara nyingi kupitia ukingo uliopasuka au kandokando ya chemba. Usiendelee kumwaga mchanga. Ng'oa eneo hilo, ziba upenyo, sawazisha, laza bloku upya.