Usisubiri Matokeo: Mambo ya Kukagua Tangu Kidato cha Pili Hadi Mlango wa Chuo

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haipoi. Wanaopiga wote wana swali moja: "Mwalimu, kwa alama hizi afanye nini?" Swali ni zuri, ila limechelewa. Sehemu kubwa ya jibu lake iliamuliwa miaka miwili nyuma, mtoto alipokuwa anamaliza kidato cha pili, na wakati huo hakuna aliyempigia mtu simu. Kwa hiyo nawaandikia wale ambao bado wana muda, wazazi na wanafunzi wenyewe. Mzazi, tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaituma kwenye kundi la ukoo.

Anza na mchepuo, yaani sayansi au sanaa. Shule nyingi humtaka mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu aamue kama anabaki na Fizikia na Kemia au anaziacha. Uamuzi huo hufanyika ndani ya siku chache, na mara nyingi mtoto anamfuata rafiki au anamkimbia mwalimu mkali. Haya ndiyo yanayofuata: diploma ya utabibu au ya uuguzi inadai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia kwenye cheti cha kidato cha nne, hata kama ufaulu wenyewe ni D. Asiye na masomo hayo hana cha kuombea, awe na daraja la kwanza linalong'aa namna gani. Nimewaona vijana wenye matokeo mazuri ya sanaa wakirudi kufanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, wanatafuta D ya Fizikia. Sisemi kila mtoto asome sayansi. Asiyeipenda aiache, lakini aiache akijua anaacha nini.

Hisabati kwenye ratiba haiachwi, ila watoto huiacha moyoni. Daraja la kidato cha nne hupigwa kwa masomo saba yaliyo bora, hivyo F ya Hisabati inaweza kujificha nyuma ya daraja la pili na nyumba nzima ikashangilia. Itaonekana baadaye, siku atakapofungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na kukuta kozi kadhaa za biashara na uchumi zinauliza alama hiyohiyo.

Tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita: mtoto ajaze Selform (fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo) mwenyewe, na matokeo yakitoka aingie tena kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi inayowapangia wanafunzi shule, maana nafasi ya kubadilisha hutolewa. Wengi hawajui, au wanajua siku dirisha limeshafungwa. Kwenda kidato cha tano kunahitaji walau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na C hizo ziendane na tahasusi yenyewe. Utaratibu ninaowafundisha wanafunzi wangu ni kusoma kutoka nyuma kuja mbele. Chukua mwongozo wa TCU wa mwaka uliopita, tafuta kozi unayoitaka, angalia inadai masomo gani, halafu ndipo urudi kwenye tahasusi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya nyingi, na baadhi zina mchanganyiko unaovutia kweli. Kabla hujavutiwa, hakikisha kozi unayoilenga inaitambua tahasusi hiyo, na uulize kama shule unayopelekwa ina walimu wa masomo hayo. Kwenye karatasi hakuna tahasusi ngumu.

Kidato cha tano au chuo cha kati? Hapa wazazi mnaniudhi kidogo. Mtoto ana C tatu za kubahatisha, anapenda kushika vitu kwa mikono, lakini baba anataka kusikia "mwanangu yuko kidato cha sita". Tupige hesabu basi. Kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Chuo kikuu kinataka walau prinsipo mbili (ufaulu wa kuanzia E kwenda juu) zenye jumla ya pointi 4. E mbili ni prinsipo mbili halali, lakini jumla yake ni pointi 2, na kwa pointi 2 hupati shahada. Mtoto huyohuyo angeingia chuo cha kati, akamaliza diploma kwa wastani wa 3.0 au zaidi, angeweza kuomba shahada kwa sifa linganishi (diploma badala ya kidato cha sita), tena ana ujuzi mkononi. Ila chuo chenyewe kikague: kiwe kimesajiliwa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi), na kozi husika nayo iwe imeidhinishwa. Kuna vyuo vimesajiliwa lakini vinatangaza kozi ambazo havina kibali cha kuzifundisha.

Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali iliondolewa mwaka 2022. Godoro, ndoo, sare na nauli havikuondolewa. Anza kuweka akiba.

Sasa majina. Hapa usiruke.

Kulikuwa na binti mmoja, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, mjomba akamchukua, akamlea, akampeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akauliza jina la mtoto, likatajwa. Akauliza la baba, mjomba akataja lake. Hakuwa na nia mbaya; kwa kila hali yeye ndiye aliyekuwa baba. Jina hilo likaenda naye mpaka darasa la saba, likaingia sekondari, likachapwa kwenye cheti cha kidato cha nne na kwenye matokeo ya kidato cha sita. Wakati wote huo, kijijini kwa bibi, ndani ya sanduku la bati, kilikuwepo cheti cha kuzaliwa chenye jina la marehemu. Kilitunzwa vizuri, hata mende hawakukigusa. Hakuna aliyewahi kukitoa akakiweka kando ya cheti cha shule.

Binti alifaulu, akapata chuo. Mkopo ndio ulikuwa tegemeo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko), na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Cheti cha kifo kilikuwa na jina la baba. Vyeti vya shule vilikuwa na jina la mjomba. Kwa mujibu wa karatasi, aliyefariki hakuwa baba yake, na baba yake alikuwa mzima wa afya, anaranda mbao barabarani. Yatima aliyepaswa kuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiriwa akawa hana namna ya kuthibitisha uyatima wake.

Ndipo mbio zikaanza. Wakili aandike hati ya kubadili jina, hati isajiliwe kwa msajili wa hati, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kila meza inataka nakala, kila nakala inataka muhuri, na bibi kule kijijini hana simu. Mjomba alifunga karakana akawa mtu wa mabasi. Akatokea msamaria wa mtaani akiwashauri wachukue cheti kipya cha kuzaliwa, waandike jina la mjomba kama baba, mambo yaishe. Mama mtu alikataa katakata, na alikuwa sahihi: kutoa taarifa za uongo kwenye vizazi ni kosa la jinai, na hata wangefanya hivyo cheti cha kifo kingebaki na jina lilelile. Dirisha la mkopo likafungwa karatasi zikiwa bado njiani. Chuo kilifunguliwa, yeye yuko nyumbani, asubuhi anamsaidia mama kusukuma chapati. Mwaka uliofuata aliomba upya, karatasi zikiwa zimekaa sawa, akapata mkopo. Wenzake wa tahasusi moja walikuwa wanaingia mwaka wa pili.

Kwa hiyo jioni ya leo, baada ya chakula, futa meza. Toa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kumbukumbu za darasa la saba, na kama kuna mzazi aliyefariki, cheti chake cha kifo. Linganisha herufi kwa herufi. Athumani na Athuman ni watu wawili. Mohamed na Muhammad ni watu wawili. Jina la katikati lililofupishwa kuwa herufi moja ni tatizo, na majina mawili mahali penye matatu ni tatizo kubwa zaidi. Ukikuta tofauti na mtoto bado hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, nenda kwa mkuu wa shule kesho, usingoje mkutano wa wazazi. Taarifa za usajili hurekebishwa kupitia shule, kwa wakati wake. Mtihani ukishapita, ujue unaelekea kwa wakili. Na ambaye hana kabisa cheti cha kuzaliwa aombewe sasa, kwa majina ya kweli yanayofanana na ya shuleni. Foleni ya RITA mwezi Julai hutaipenda.

Tukiendelea: JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huwa kambini wakati matokeo yanatoka Julai na madirisha ya maombi yanafunguliwa. Kambini hakuna kukaa na simu ukijaza fomu. Kabla hajaondoka, aache nyumbani nakala za vyeti vyote na picha za pasipoti, pamoja na namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita. Kama alirudia mtihani, aache namba zote, usije ukajaza moja ukaificha nyingine.

Fomu ya mkopo isainiwe kila mahali panapotakiwa: mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Ukurasa mmoja usio na muhuri unatosha kuirudisha. Na kijana aambiwe mapema kwamba mkopo unarudishwa. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake.

Maombi ya chuo hupelekwa chuoni moja kwa moja, si TCU. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyojisajili nayo. Ndiyo maana laini ya simu iwe yake mwenyewe. Isiwe ya shangazi aliyeko Mwanza, wala ile ya kuazima iliyozimwa wiki ya pili.

Nywila asiachiwe mtu wa stesheneri. Wengi wao ni waaminifu na wanajua mfumo kuliko mimi, lakini wanajaza fomu za watu wengi kwa siku, na nimeona kozi ya mtu ikiingia kwa mwingine. Kaa pembeni yake, soma kila kinachoandikwa kabla hajabonyeza kutuma, kisha chapisha nakala. Malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka kwenye mfumo, kamwe usitume kwenye namba ya mtu binafsi. Anayekuambia ana ndugu ndani ya Bodi anataka nauli. Ujumbe wa ufadhili wa nje ya nchi unaodai ada ya usajili leo kabla ya saa kumi, futa. Chumba cha kupanga karibu na chuo usikilipie kabla hujakiona, au hujamtuma mtu akione. Na vyeti halisi visitembezwe kwenye daladala ndani ya mfuko wa plastiki. Beba nakala, halisi zibaki kabatini mpaka siku ya usajili.