Namna ya Kuichunguza Stesheni Kongwe katika Njia ya Nakuru hadi Kisumu

Kabla ya kutoa kamera, mwone mkuu wa stesheni umwombe ruhusa, kwa kuwa majengo haya ni mali ya Shirika la Reli la Kenya na katika baadhi yake treni zingali zinapita.

Uchunguzi uanzie jukwaani, wala si kwenye lango la barabarani, kwa sababu kazi ya treni ndiyo iliyoamua umbo la jengo. Pima urefu wa jukwaa kwa hatua, kisha uandike paa limetokeza kiasi gani, linabebwa na nguzo za mbao, za mawe au za chuma, na linaikinga mvua upande upi. Tazama pia lilipo tangi la maji, kwa kuwa injini za mvuke hazingeweza kuupanda mlima wa Mau bila kujazwa maji njiani. Kisumu, usiitenganishe stesheni na gati: reli ilifika ziwani Desemba 1901 ili abiria na mizigo viendelee na safari kwa meli, na meli zenyewe zililetwa vipande vipande, zikaunganishwa papo hapo.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni kukadiria umri, na hapo herufi zilizochongwa au kupigwa chapa kwenye mabenchi, taa na vyuma husaidia sana. UR ni reli ya Uganda, jina lililotumika hadi 1926 lilipofuatwa na KUR, yaani reli ya Kenya na Uganda; EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, ilianza 1948; EAR ni ya shirika la Afrika Mashariki lililovunjika 1977; KR ni ya Kenya peke yake. Hata hivyo, benchi huhamishwa kutoka stesheni moja hadi nyingine, na reli kuukuu hukatwa zikafanywa nguzo za ua, hivyo mwaka uliopigwa kwenye chuma cha reli hauthibitishi mwaka wa jengo. Ukuta wenyewe ni shahidi bora: tafuta mahali ambapo jiwe limeungana na tofali, au dirisha lililozibwa, kwani hapo jengo liliongezwa au kubadilishwa.

Ukimaliza, watafute wastaafu wa reli wanaoishi karibu, uwaonyeshe picha na uwaulize kila chumba kilikuwa cha nani. Bila wao, chumba cha tiketi na ghala la vifurushi hufanana kabisa. Majibu yao yaandike nyuma ya picha hizo hizo, pamoja na tarehe, na nakala moja uipeleke kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.