Somo: Lida ya kurushia chubwi nzito ufukweni (soma kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lilelile: "Mshipi unakatika nikirusha, ninunue upi?" Naandika leo mara moja. Atakayeuliza tena nitamtupia somo hili, basi.

Kwanza tuelewane ni ufukwe gani. Nazungumzia fukwe zisizo na mwamba wa kuvunja mawimbi mbele yake, mfano Malindi kaskazini ya mji hadi Mambrui, pale mto Sabaki unapomwaga tope baharini. Hapo chubwi (risasi ya kuzamishia mshipi) nyepesi inabururwa na mkondo, huna budi kwenda gramu 150. Kama unavua ndani ya mwamba kwa gramu 50, maji yametulia, somo hili si lako. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi kuvua ni marufuku, usije ukasema ulifundishwa hapa.

Lida ni kipande cha nailoni nene kinachoungwa mbele ya mshipi mwembamba. Mshipi mwembamba ndio unaofika mbali, lida inabeba kishindo cha mrusho.

1. Pima chubwi. Za dukani zimeandikwa uzito. Ulizoyeyusha mwenyewe zipeleke kwenye mizani ya duka.

2. Unene. Unapimwa kwa paundi, yaani mzigo ambao lida inahimili kabla ya kukatika. Paundi 10 za lida kwa kila aunsi 1 ya chubwi. Aunsi ni kama gramu 28, kwa hiyo gramu 150 ni aunsi 5 na kitu. Chukua lida ya paundi 60, si 50.

3. Urefu. Mara mbili ya fimbo, ongeza ya kuzungukia rili (mashine ya kukunjia mshipi). Fimbo ya mita 4, kata mita 10.

4. Fundo. Piga fundo la kawaida mwishoni mwa lida, usilikaze. Pitisha mshipi ndani yake, sasa kaza. Tengeneza kitanzi kwa ncha ya mshipi, uizungushe mara 5 au 6 ikikumbatia lida, lowesha kwa mate, vuta polepole mpaka mafundo yakutane. Ncha ya lida ikate kimshazari isije ikakwaruza pete za fimbo. Wenye mshipi wa kusukwa, hili litawateleza: tumieni fundo la kusuka liitwalo FG, misuko isipungue 20.

5. Fundo lilale wapi. Hapa ndipo watu wanapoumia, someni taratibu. Chubwi ikiwa imening'inia tayari kurushwa, hesabu mizunguko ya lida iliyoshika spuli (kigurudumu cha rili kinachobeba mshipi). Isipungue 6. Ikiwa 2 tu, lida inateleza na mzigo wote unaliangukia fundo na mshipi mwembamba, yaani ni kama hukufunga lida. Halafu tazama fundo lenyewe: kwa rili ya kawaida ya spuli isiyozunguka, lilale nyuma, upande wa mwili wa rili. Likilala ukingo wa mbele linapita kwenye kidole cha shahada na kukichana, tena linazoa mizunguko mingine likitoka. Likiangukia mbele, vuta mshipi mpaka litoke, zungusha mkono wa rili kidogo ili spuli ibadili mahali, ukunje upya. Vaa kidole cha glavu ya ngozi. Kovu nililo nalo si la kisu.

ONYO: mshipi ukikatika katikati ya mrusho, gramu 150 za risasi zinaweza kuruka zaidi ya mita 100, na upande hauchagui wewe. Fukwe zetu zina watoto, waogeleaji, wenye ngamia. Tazama nyuma na pande zote. Mtu akipita, shusha fimbo umsubiri apite.

6. Kagua. Pitisha lida katikati ya kucha kila baada ya kunasa mahali. Ukisikia mkwaruzo, kata sehemu hiyo. Mizunguko ikipungua chini ya 6, weka lida mpya.

MASWALI

kijana_wa_pwani: Mkuu, chubwi yangu gramu 120, lida paundi ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

MchangaMoto: Mbona nisijaze paundi 60 rili nzima? Nishaondokana na mafundo.

Mwandishi: Swali zuri hili, ndugu. Mshipi mnene unaingia kidogo kwenye spuli, unasugua zaidi ukitoka, na upepo unaukamata. Ukishatua majini mkondo unausukuma, chubwi inang'oka. Mimi natumia milimita 0.35, paundi 15 hivi. Jaribu zote mbili siku moja kwa chubwi ileile, utaona mwenyewe.

bahari_huru: Miaka yote narusha paundi 20 bila lida na haijakatika. Mnatisha watu bure.

Mwandishi: Chubwi gramu ngapi?

bahari_huru: 60.

Mwandishi: Rudi aya ya pili.

mama_kolekole: Nguru akija si atakata lida kwa meno? Nitumie ya paundi 100?

Mwandishi: Dada, lida haijawekwa kwa ajili ya meno. Weka waya mfupi karibu na ndoana, lida ibaki palepale.

MchangaMoto: Wakati wa kusi mwani unajikusanya kwenye fundo, halipiti peteni. Nalazimisha linakwama.

Mwandishi: Usilazimishe, utavunja pete. Fundo likikaribia pete ya juu acha kukunja, rudi nyuma kwa miguu ukivuta samaki mchangani, mwenzio autoe mwani. Ndiyo maana nasisitiza fundo dogo, ncha zikatwe karibu.

mama_kolekole: Na dagaa wanaruka kutoka kwenye ndoana nikirusha.

Mwandishi: Wafunge kwa uzi wa kushonea, mizunguko mingi, bila fundo. Hata kaa wa baharini wanapata kazi kuwang'oa.

kijana_wa_pwani: Nimeshika hongwe karibu na Sabaki kanichoma mkono umevimba.

Mwandishi: Pole. Tumbukiza mkono kwenye maji ya moto, kadiri unavyovumilia bila kuungua, kwa saa moja hadi moja na nusu. Mwiba ukibaki ndani au uvimbe ukipanda, nenda hospitali leo. Safari nyingine mshike kwa koleo.